Nyongeza ya Do ya Juu

Hakuwa na mtoto, lakini parokia nzima kule kwetu Kibaoni ilimwita Mama Kinanda. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, na yeye, kwa kuwa hakuzaa, alipewa kinanda cha kanisa kuwa mwanawe. Sijui nani alianza. Nadhani ulikuwa utani wa wanawake wa kwaya, utani wenye sumu kidogo, maana wanawake wakitaka kumchoma mwenzao aliyekosa mtoto hawakosi njia. Yeye alilipokea jina bila kununa. Ukimwuliza kama mwanawe hajambo, alijibu, "Hajambo, anasumbuliwa na meno tu." Na kweli kinanda kile kilikuwa na meno mengi, baadhi yamekuwa ya njano na mawili yameng'oka kabisa.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Wapo waliosema alitaka kuwa mtawa akarudishwa njiani, na wapo waliosema ni yeye aliyewaacha watawa kwenye mataa. Sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kuulizwa. Nilimjua jinsi mwimbaji anavyomjua mwalimu wake, yaani kwa masikio kuliko kwa macho. Mimi nilikuwa sauti ya nne, miongoni mwa wale wanaume wa nyuma wanaonguruma. Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa kijana nisiye na mke, mchana nauza mchele sokoni, jioni niko mazoezini.

Kwanza nieleze ugomvi wake na dunia, kwa sababu bila huo hutamwelewa.

Kila mwanakwaya anajua kwamba ukipanda do, re, mi, fa, sol, la, ti, unafika kwenye do nyingine. Ni ileile uliyoanza nayo, ila imekuwa nyembamba. Vitabu vinasema do hizo mbili zikilia pamoja zinapaswa kuungana mpaka usijue ipi ni ipi. Mama Kinanda hakukubali hata siku moja. Alisema do ya juu ya vitabuni ni fupi, imekatwa kabla ya kufika. Ili ifike lazima uivute kidogo, ipite pale ambapo watu wengine wanasimama. Na ukishuka kuja kwetu sauti ya nne, lazima ushuke zaidi kidogo ya unavyodhani. Kinanda chake alikuwa amekivuta chote namna hiyo, juu kimezidi juu na chini kimezidi chini, kama ngozi inavyovutwa wakati wa kuwamba ngoma. Alipobonyeza do mbili kwa pamoja, sauti haikutulia. Ilitetemeka kidogo, kama maji ya ndoo ambayo mtu ameyatua sasa hivi. Mtetemo huo ndio alioutafuta. Alisema ndipo sauti inapopumua.

Mimi alinieleza kwa lugha ya soko, maana alijua kazi yangu.

"Ukimpimia mtu mchele kwa kopo," aliniuliza, "unakata juu kwa kiganja, unaishia hapo?"

"Hapana, Mama. Lazima niweke nyongeza."

"Usipoweka?"

"Watasema nimewapunja."

"Haya. Na do bila nyongeza ni kupunja watu."

Pale Kibaoni muuza mchele asiyeweka kale kakilima juu ya kopo atalala na gunia lake mpaka mende waone huruma. Nilielewa nyongeza ya mchele. Ile ya do, niseme ukweli, sikuisikia. Nilisikia do mbili tu, kubwa na ndogo.

Kila baada ya wimbo alitugeukia na kuuliza, "Mnasikia?" Nasi wote tulijibu kwa pamoja, "Tunasikia, Mama." Alitutazama mmoja mmoja, akapumua kwa pua, akasema, "Mnajibu kama watu wa misa," kisha akaendelea na wimbo unaofuata. Alijua. Mtu anayetafuta mwenzake anajua haraka sana kwamba hajampata. Lakini Alhamisi ya mazoezi iliyofuata alituuliza tena, na kila nikikumbuka hilo linaniuma, kwamba hakuchoka kuuliza.

Neno kuvuta lilimponza. Mwisho wa mazoezi alikuwa na kawaida ya kutuambia, "Nyie nendeni, mimi nabaki kuvuta kidogo." Maana yake ilikuwa kuvuta sauti za kinanda. Lakini kwetu kuvuta ni kuvuta tumbaku, na kwa wenye mawazo machafu ni bangi. Habari zikatembea kama zinavyotembea, zikafika halmashauri ya parokia zikiwa zimenona: Mama Kinanda anavuta, tena anavuta kanisani, tena akiwa peke yake. Jioni moja mzee mmoja wa halmashauri, aliyewahi kulima tumbaku na aliyejihesabu mtaalamu wa moshi wa kila aina, akamchukua katekista wakaenda kumfumania. Mimi nilifuata nyuma kwa umbea tu.

Walimkuta ameketi sakafuni. Kinanda kilikuwa kimefunguliwa tumbo, ndimi zake ndogo za shaba zimepangwa juu ya kanga, naye mkononi ana tupa nyembamba ya kukwangulia.

"Mama Kinanda," mzee akaanza, huku akinusa hewa, "tumeambiwa unavuta humu ndani."

"Ndiyo, navuta."

Katekista akafanya ishara ya msalaba.

"Unavuta nini?"

"Leo navuta sol."

Mzee akamgeukia katekista. "Sol ndiyo tumbaku gani hiyo? Huku hatujailima."

Mama Kinanda akawaketisha chini wote wawili akawaonyesha. Kila sauti ya kinanda inatoka kwenye ulimi mmoja wa shaba unaotikiswa na upepo. Ukiukwangua kwenye ncha, sauti inapanda. Ukiukwangua kwenye shina, inashuka. Kazi ni ya kukwangua kama mtu anayetoa vumbi, kwa sababu shaba iliyotoka hairudi. Mzee wa tumbaku alisikiliza kwa heshima zote, akaomba aipulize sol kwa mdomo wake, akaipuliza, akasema ni tamu. Padri alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani. Na tangu siku hiyo kila mwenye nafasi alimwuliza Mama Kinanda kama bado anavuta au ameacha. Alicheka pamoja nasi. Ila niligundua kwamba hakutuaga tena kwa maneno yale. Alisema tu, "Nendeni."

Masikio yake yalimtesa hata nje ya kanisa. Sokoni hakununua sufuria kabla ya kuigonga kwa kifundo cha kidole, na hakununua moja. Alizichukua mbili mbili, kubwa na ndogo, akagonga hii akagonga ile, kichwa ameinamisha upande mmoja, mpaka mwenye meza akakasirika. "Mama, unanunua sufuria au kengele?" Yeye akarudisha zote na kwenda meza nyingine. Nyumbani kwake, nyuma ya misheni, kulikuwa na sufuria mbili tu, na nakuhakikishia zilikuwa zinasikilizana. Hakuhitaji zaidi. Alipika kwa ajili ya mtu mmoja, na chakula cha mtu mmoja kinatia huzuni hata kukitazama, ugali umekaa katikati ya sahani kubwa kama mgeni aliyefika mapema.

Redio alikuwa nayo, ile ndogo iliyoitwa ya mkulima, yenye mfuko wa ngozi. Sisi wengine tulivumilia taarifa ya habari tukingoja muziki. Yeye alisikiliza habari yote, bei za pamba za mikoa ambayo hajawahi kufika, hotuba, matangazo ya vifo, na muziki ulipoanza akazima. Nilimwuliza sababu. Akasema magitaa ya bendi yote ni mafupi, na akiyasikiliza kifua kinambana kama mtu anayetazama mwenzake akiruka mtaro huku anaona kabisa kwamba hatafika ng'ambo.

Tulidhani ngoma zitakapoingia kanisani ataanzisha vita. Mapadri walikuwa wameruhusu ngoma na makofi, na wapiga vinanda wa sehemu nyingine, tulisikia, walinuna. Yeye akakisukuma kinanda pembeni kwa mikono yake ili wapiga ngoma wapate nafasi. "Ngoma haina shida," alisema. "Haijawahi kudai kwamba ina do." Huyo ndiye alikuwa mtu wetu. Mkali kwenye mambo ambayo hakuna anayeyaona, mpole kwenye yale yaliyogombanisha watu. Alimfukuza mwimbaji wa sauti ya kwanza kwa kuchelewa, kisha mama wa yule msichana alipofariki alikuwa wa kwanza kufika msibani, akakaa jikoni mpaka matanga yakaisha, anaosha vyombo, haongei na mtu. Kula pamoja na watu hakupenda. Kuosha vyombo vyao baada ya kula alipenda.

Wakimbizi wa Burundi walipopewa pori la Katumba wakae, wanawake wa parokia walichanga nguo na mahindi, naye akapanda lori pamoja nao. Alirudi akiwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao. Alikuja moja kwa moja mezani kwangu sokoni, hata salamu akasahau.

"Nimemsikia mtu," akasema.

Kulikuwa na mwanamume mtu mzima, ameketi nje ya kibanda ambacho hakijaezekwa, anapiga ikembe. Ni ile marimba ndogo ya kushika mikononi, vyuma vyake vinachezwa kwa vidole gumba. Mama Kinanda alikuwa amebeba mafungu ya nguo. Akayaweka chini akakaa. Vyuma vikubwa na vidogo vya ikembe ile vilikuwa vimeachana vile vile anavyotaka yeye, kwa nyongeza ile ile. Kiswahili cha yule mtu kilikuwa cha kubahatisha, na Kirundi cha Mama Kinanda hakikuwapo, lakini alimwonyesha chuma kikubwa na kidogo, akamwuliza kwa nini. Yule mtu akamjibu, "Hii kubwa, hii dogo. Dogo inakimbia kidogo. Bila kukimbia, wimbo inalala." Basi. Alinirudia maneno hayo pale sokoni mara kadhaa, kwa lafudhi ile ile, huku watu wanangoja mchele.

Baadaye alitaka kurudi kumwona, akaniomba nimsindikize. Lori lilitupitisha msituni mwendo wote, mbung'o wanatuuma kupitia nguo, na tulipofika Katumba tukakuta si kibanda kimoja kimoja tena. Ni vijiji na vijiji, mistari ya nyumba na mashamba mapya. Mama mmoja wa Kirundi akatupokea vizuri, akatupa maji, akauliza tunamtafuta nani.

"Mtu mwenye ikembe," Mama Kinanda akasema.

"Wenye ikembe ni wengi. Anaitwa nani?"

"Sijui."

"Mtoto wa nani? Alitoka upande gani wa Burundi?"

"Sijui."

"Yukoje?"

Mama Kinanda akafikiri. "Do yake ya juu imefika," akasema.

Yule mama akanitazama mimi kwa huruma, kama anayeuliza huyu mgonjwa ameanza lini. Nilikasirika, si kwa yule mama. Njiani kurudi nilimwuliza, "Mama, ulikaa naye siku nzima, hukumwuliza hata jina?" Akasema, "Nilikuwa nasikiliza." Kule Katumba vijana wawili walikuwa wamejitolea kumpigia ikembe zao, zimetengenezwa kwa spoki za baiskeli, sauti zake zimefuata nyimbo za redio. Aliwashukuru sana. Mimi sikujua mtu aliyempoteza mwenzake wa namna hiyo anapewa pole ya aina gani.

Sasa nifike kwenye aibu yetu. Parokia moja kubwa ya mjini ilitualika kuimba kwenye upadrisho. Mama Kinanda alimwomba padri wetu tuimbe bila kinanda. Padri akasema mgeni hawezi kukataa kinanda cha mwenyeji, ni kama kukataa kiti. Tukaenda. Aliketi kwenye kinanda chao kizuri kinachong'aa, akagusa sauti moja, akagusa ya pili, nikamwona anafunga macho. Tukaanza.

Sauti ya kwanza wakapanda mpaka pale walipozoea, kinanda kikawa kimebaki chini yao. Sisi sauti ya nne tukashuka mpaka pale tulipozoea, kinanda kikawa kimebaki juu yetu. Hapo ndipo wote waliokuwamo waliposikia jambo, hata watoto. Vichwa vikageuka. Mwanakwaya mmoja wa wenyeji akajifunika leso mdomoni na mabega yake yakawa yanaruka. Ubeti wa pili Mama Kinanda akaondoa mikono, tukamaliza wenyewe, na nasema bila aibu kwamba bila kinanda tulikuwa wazuri. Lakini nani angetukumbuka kwa hilo?

Kwenye lori la kurudi kiongozi wa sauti ya kwanza, dada mmoja mwenye ulimi mwepesi, akashindwa kujizuia.

"Mama, umetufundisha kuimba na wewe tu. Duniani kote hakuna tunayeweza kuimba naye."

Mama Kinanda akajibu taratibu, "Nyie si mlisema mnasikia?"

Kila mmoja akapata kitu cha kutazama nje.

Halmashauri ikaagiza fundi wa vinanda kutoka mbali. Tulingoja mtu wa makelele, akaja mtu mpole mwenye begi la ngozi na kile chuma chenye ncha mbili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja isiyobadilika. Mama Kinanda alikaa naye siku zote za kazi ile. Alimpa ndimi za shaba moja baada ya nyingine, akamshikia taa, akamletea chai. Nilikuwapo fundi alipomwuliza nani alikivuta kinanda hiki.

"Mimi."

"Kwa nini, Mama?"

"Kilikuwa kifupi."

Fundi hakucheka. Alirudisha ulimi mmoja mahali pake, akaubonyeza, akausikiliza, akasema, "Kazi yako ni safi. Nimeona wengi wanaoharibu, wewe hukuharibu. Ila haina mwenzake."

"Najua," akasema Mama Kinanda.

Jumapili ya kwanza alikipiga kinanda kilichonyooshwa, misa nzima, bila kosa. Baada ya misa alifunga kifuniko, akampa katekista ufunguo. "Sasa kinaweza kupigwa na mtu yeyote," akasema. Tangu hapo alikaa kwenye mabenchi ya nyuma, na bado alifika kanisani kabla ya wote. Kwaya ikanyooshwa kidogo kidogo na katekista, mazoezi baada ya mazoezi, mpaka wakaweza kuimba popote. Mimi sikunyooshwa. Nilikuwa nimepata kazi ya kupokea mizigo stesheni ya Mpanda, nikahama.

Mpanda nilipanga chumba kwa mtu nisiyemjua, katikati ya watu nisiowajua. Treni ikiondoka, mji ule unabaki na kimya ambacho sikukizoea. Nikajiunga na kwaya, na kwaya ndiyo ikawa ndugu zangu. Wao ndio walioniletea uji nilipougua malaria, wao ndio walionitania kuhusu kuoa. Basi fikiria nilivyojisikia kiongozi wa kwaya, kijana mwalimu, aliponiita pembeni.

"Kaka, unashuka."

"Nashuka wapi?"

"Kila mahali. Kidogo sana, lakini unashuka. Wenzako wanakufuata wewe, wanapotea."

Nilijitahidi. Nilikaza shingo, nilikunywa chai ya tangawizi, nilikaa karibu na kinanda. Bado nilishuka. Ilipokaribia Pasaka akaniomba, kwa adabu zote, nichezeshe midomo tu bila kutoa sauti. Baada ya Pasaka akasema labda ningesaidia kupanga mabenchi. Niliyapanga. Nikatoka nje na kusikiliza ndugu zangu wakiimba, na sauti ya nne ikasikika vizuri bila mimi.

Nikapanda lori kwenda Kibaoni. Miaka kadhaa ilikuwa imepita, muongo ule unaelekea ukingoni. Nilimkuta uani anapepeta mchele, amepungua, nywele zimekuwa nyeupe, na mgongo hauko kama zamani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Huko Mpanda hamli?"

Nikamweleza. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Imba do," akasema. Nikaimba. Akainamisha kichwa upande mmoja. "Shuka kwenye ile ya chini." Nikashuka. Akaweka ungo chini, akafunika mdomo kwa kanga, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anacheka.

"Umeibeba mpaka Mpanda," akasema. "Hukuimwaga njiani."

Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Nikafurahi na mimi, nikasahau kilichonileta. Nikamwambia basi, sitabadilika, nitabaki nayo hivi hivi, walau iwe na mtu mmoja. Furaha ikamtoka usoni palepale.

"Ukiugua huko nani anakuletea uji?"

"Wanakwaya."

"Una wengine?"

"Sina, Mama."

"Basi hubaki nayo. Mimi nimekaa na hiki kitu peke yangu, najua kinavyomla mtu. Sikuachii. Twende."

Tukaenda kanisani, akaomba ufunguo kwa katekista. Akaketi kwenye kinanda kilichonyooshwa, akaanza kukanyaga kukitia upepo, akabonyeza do ya chini. "Panda kidogo. Kidogo tu. Hapo. Ishike hapo." Kisha sol, kisha la, kisha do tena. Kila alichonitia kooni kwa miaka yote ile alikitoa siku hiyo, kwa subira, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Nilipopata aliitikia kwa kichwa, na niliona kabisa kila kuitikia kunamgharimu. Nikaanza kukosea makusudi. Akagundua mara moja.

"Usinihurumie," akasema kwa ukali wake wa zamani. "Imba."

Nikaimba. Jua lilipokuwa linainama madirishani nilikuwa naweza kukaa kwenye sauti ya kinanda kile bila kushuka hata chembe. Nilijisikia mwepesi, na nilijisikia mwizi.

"Sasa uko sawa," akasema. "Hawatakusema tena. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza do mbili, ya chini na ya juu, ili nijue nilipofika. Zikaungana kama vitabu vinavyosema, zikatulia tuli, zikawa kitu kimoja. Nilisimama nikizisikiliza. Kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikujua ni nini, mpaka mdomo ukanitangulia.

"Mama," nikasema, "mbona hii ya juu ni fupi?"

Hakuondoa vidole. Miguu yake ndiyo iliyoacha kukanyaga, na sauti ikapungua polepole kadiri upepo ulivyokwisha ndani ya kinanda. Akageuka akanitazama.

"Rudia ulichosema."

"Ni fupi. Imeishia njiani."

Alinyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami nikangoja afurahi.

"Pole, baba," akaniambia. "Pole sana."